Zabuni za helikopta za kijeshi: kwa nini anabaki mzabuni mmoja, na bei inapandia wapi baada ya saini?

Bahasha_Mbili:

Wakuu, habari za kazi. Naandaa mada ya ununuzi wa vifaa vya ulinzi kwa maofisa ugavi, na nimekwama kwenye helikopta. Tunafundishwa kwamba wazabuni wakiwa wengi bei inashuka. Nikiangalia kesi zilizo wazi, naona mambo hayaendi hivyo. Marekani walishindanisha helikopta ya Rais, mshindi akapatikana 2005, na mwaka 2009 mradi ukafutwa baada ya makadirio kupanda kutoka dola bilioni 6.5 hadi zaidi ya bilioni 13. Walipotangaza upya alijitokeza mzabuni mmoja tu, na huo ndio mradi uliofika mwisho. Uingereza nao Februari 2024 walialika kampuni tatu kwa helikopta ya kurithi nafasi ya Puma. Kufikia mwisho wa Agosti, mbili zilikuwa zimejitoa.

Naomba kueleweshwa mambo mawili. Wazabuni wanakimbia nini hasa? Na kama mkataba umeshasainiwa, bei inapata wapi mlango wa kupandia? Mwenye mfano wenye hesabu auweke, nitashukuru sana.

---

Rota_ya_Mkia:

Mkuu, kesi hiyo ya helikopta ya Rais ina majibu yako yote mawili, kwa hiyo tuanze nayo.

Januari 2005 Jeshi la Majini la Marekani liliipa kazi timu ya Lockheed Martin, iliyoleta AW101 ya AgustaWestland ikiwa imefanyiwa marekebisho. Baadaye ikaitwa VH-71. Sikorsky na S-92 yake wakakosa. Ushindani ulikuwa wa kweli kabisa, kasoro ilikuwa kwenye kitu kilichoshindaniwa. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 Ikulu ilitaka ndege haraka, hivyo kazi ikagawanywa awamu mbili: ya kwanza ndege chache zitoke mapema, ya pili ndege 23 zenye uwezo kamili. Sasa hiyo awamu ya pili ilidai injini nyingine, giaboksi nyingine, mapanga mapya ya rota na mkia mrefu zaidi. Ukishagusa vitu hivyo vinne, umeagiza ndege mpya, hata kama kwa nje inafanana na ile ya zamani.

Tazama uzito unavyotembea. Unaongeza mitambo ya mawasiliano na ya kujikinga, ndege inakuwa nzito. Unataka umbali uleule na abiria walewale, kwa hiyo unahitaji injini yenye nguvu zaidi. Nguvu ikizidi, giaboksi ya zamani haiihimili, unaweka kubwa zaidi. Giaboksi kubwa ni nzito, na mzigo umerudi palepale. Kila mzunguko unadai michoro mipya, majaribio mapya na cheti kipya. Katika hatua hiyo mshindani alishaondoka miaka mitatu nyuma, hakuna wa kumtishia nayo mkandarasi.

Mkataba wa pili, Mei 2014, ulikuwa wa Sikorsky peke yake, dola bilioni 1.24 kwa kazi ya uundaji. Safari hii mnunuzi alikuwa na msimamo mmoja: umbo la ndege haliguswi. S-92 ilishakuwa na cheti cha kiraia, mfumo wa mawasiliano wa serikali ukaingizwa ndani yake, na idadi ikatajwa tangu mwanzo: 21 za kazi na 2 za majaribio. Ndege ya mwisho ilikabidhiwa 2024, na mradi mzima ulibaki karibu dola bilioni 5. Haukukosa dosari. Kwenye majaribio ya 2018 joto la injini liliunguza nyasi za bustani ya Ikulu, na ilichukua miaka kulimaliza suala hilo. Lakini bei haikulipuka.

Usifundishe kwamba ndege ya kiraia ni kinga, maana siyo. ARH-70 ya Bell ilitokana na Bell 407 inayouzwa sokoni. Jeshi la nchi kavu la Marekani lilipanga dola milioni 8.56 kwa kila moja. Ilipofutwa Oktoba 2008 makadirio yalikuwa milioni 14.48. Swali la kumuuliza mzabuni ni hili: ukiondoa rangi na redio, ni sehemu gani za ndege hii hazijawahi kuruka zikiwa pamoja? Orodha ikivuka giaboksi, injini au rota, usikubali kuiita ndege iliyopo.

---

Mizani_ya_Zabuni:

Nichukue la wazabuni kukimbia, kwa mfano wa Uingereza.

Mahitaji yalitangazwa Machi 2021. Idadi iliyokuwa ikitajwa ni hadi 44, na bajeti iliyochapishwa ilikuwa kati ya pauni milioni 900 na bilioni 1.2. Gawanya hata ile ya juu kwa 44: unapata kama pauni milioni 27 kwa ndege. Fedha hiyo si ya chuma peke yake, kuna mafunzo na matengenezo humo, na alama zinatolewa kwa kazi itakayofanyika ndani ya Uingereza. Leonardo ana kiwanda Yeovil. Airbus alipanga kuunganishia H175M yake Broughton, na Lockheed Martin alipanga kuunganishia Black Hawk Gosport. Kwa hiyo wawili kati ya watatu walipaswa kugharamia laini mpya ya kuunganisha ndege, kwa oda ambayo miaka ilivyosonga ilizidi kuonekana ndogo. Gharama ya laini haipungui kwa sababu idadi imepungua. Wakapiga hesabu, wakajitoa, AW149 ya Leonardo ikabaki peke yake. Puma zenyewe zikastaafishwa Machi 2025 kabla mrithi hajafika.

Ndani ya kampuni hesabu huwa hivi. Kuandaa zabuni ya helikopta ni kazi ya wahandisi wengi kwa mwaka mmoja au zaidi, na wakati mwingine unapaswa kupeleka ndege ya majaribio mwenyewe. Tuseme, kwa mfano tu, maandalizi yanakula milioni 15, faida ukishinda ni milioni 60, na unajipa nafasi moja kati ya tano. Unachokitarajia ni milioni 12, na umetumia 15. Mkurugenzi hawezi kusaini hapo. Akiona masharti yameandikwa kwa vipimo vya ndege ya mwenzake, nafasi yake inashuka hadi moja kati ya kumi, na hapo hata barua ya udadisi hajibu.

Maana yake kazi ya kulinda ushindani inafanyika kabla ya kabrasha la zabuni kutoka. Masharti ya lazima yawe machache na ya utendaji: askari wangapi, kilo ngapi, umbali gani, kwenye joto gani na mwinuko gani. Ukiandika kipenyo cha rota au urefu wa kabini bila sababu ya kikazi, umeshamchagua mtu. Idadi itajwe kwa ngazi, mathalani bei ya ndege 12, ya 18 na ya 24, ili mzabuni asilazimike kukisia na kuweka tahadhari yake juu ya bei. Rasimu ya masharti wapewe wazabuni wote waisome, na kila sharti linalomwacha nje mmoja wao lijibiwe kwa maandishi: tunalihitaji kwa kazi gani?

Na akibaki mmoja hata hivyo, usiendelee kuigiza ushindani kwa kufungua bahasha moja mbele ya kamera. Badilisha njia. Dai mchanganuo wa gharama: saa za kazi, viwango vya mshahara, bei za wauzaji wake wa chini, faida. Marekani wana sheria ya tangu 1962 inayomlazimu mkandarasi asiye na mshindani kutoa takwimu hizo na kuthibitisha kuwa ni za kweli. Ikigundulika alidanganya, bei inapunguzwa baadaye. Njia anayotumia muuzaji kukwepa ni kudai kwamba bidhaa yake ni ya soko la kawaida. Mwombe ankara za wateja wengine walionunua umbo hilohilo. Kama hana, hakuna soko.

---

Kinondo_Anga:

Habari wadau. Nitajibu la bei kupanda baada ya saini. Milango ni minne, na mkubwa kuliko yote ni idadi.

Mwaka 2018 Jeshi la Anga la Marekani liliendesha ushindani mzuri wa kurithi UH-1N. Boeing akashinda kwa MH-139, dola bilioni 2.38 kwa ndege hadi 84, wakati makadirio ya serikali yalikuwa bilioni 4.1. Hapo ushindani ulifanya kazi yake. Kisha kwenye bajeti ya 2025 wakapanga kushusha ununuzi kutoka 80 hadi 42. Sasa piga hesabu ya mfano. Gharama zisizobadilika ni milioni 400, na kila ndege inaongeza milioni 20. Kwa ndege 80, kila moja ni milioni 25. Kwa 42 inafika 29.5. Mkandarasi hajapandisha senti, ni mnunuzi mwenyewe amepandisha bei kwa asilimia 18. Na sheria ya Marekani inayoitwa Nunn-McCurdy inapima gharama ya ndege moja: ikivuka asilimia 15 juu ya makadirio ya msingi ya sasa au 30 juu ya yale ya awali, Bunge lazima lijulishwe. Ikivuka 25 au 50, mradi unahesabiwa umekufa mpaka Pentagoni ithibitishe kwa maandishi kwamba unahitajika.

Mlango wa pili ni kanuni ya kurekebisha bei. Mikataba mirefu huwa nayo, na ni haki, kwa sababu titani na vyuma vya kufuliwa vimepanda mno tangu 2021. Inaandikwa hivi: sehemu fulani haibadiliki, nyingine inafuata faharasa (kipimo cha mwenendo wa bei) ya mishahara, nyingine ya malighafi. Chukua 20, 45 na 35. Mishahara ikipanda kutoka 100 hadi 112 na malighafi kutoka 100 hadi 130, bei mpya ni 0.20 + 0.504 + 0.455, yaani 1.159. Karibu asilimia 16, bila mtu kuvunja kipengele chochote. Wengi wanateleza kwenye mwezi wa kuanzia. Zabuni ilifunguliwa 2021, mkataba ukasainiwa 2023, na kanuni inahesabu kuanzia 2021. Siku unaposaini, bei uliyonayo mezani imeshapitwa na miaka miwili. Andika mwezi wa kuanzia, taja faharasa kwa jina lake na mchapishaji wake, na weka kikomo cha mwaka.

Wa tatu ni mabadiliko, Rota_ya_Mkia ameshayaeleza vizuri. Wa nne ni haki za takwimu za kiufundi, na hapa naomba msomaji asimame kidogo, kwa sababu ndipo watu hawaangalii kabisa.

Uingereza iliagiza Chinook HC3 nane mwaka 1995, kwa karibu pauni milioni 259. Zilifika 2001. Chinook ni ndege inayojulikana, marubani wapo, mafundi wapo. Lakini mitambo ya kwenye chumba cha rubani ilikuwa mchanganyiko wa pekee, na mkataba haukumtaka mtengenezaji kutoa nyaraka za kuchambua msimbo wa programu zake. Wakaguzi wa usalama wa anga wa Uingereza hawakuweza kuthibitisha programu wasiyoweza kuisoma. Matokeo yake ndege nane mpya ziliruhusiwa kuruka siku zisizo na mawingu tu, juu ya futi 500, rubani akiongozwa na vitu anavyoviona chini: mto, barabara, mnara. Ndege ya kikosi maalumu! Zikawekwa bohari miaka mingi, kisha ukalipwa mradi mwingine wa kung'oa mitambo hiyo na kurudisha ya zamani. Gharama yote ilivuka pauni milioni 400. Kipengele kimoja cha mkataba ndicho kilichokosekana, na siku ya zabuni kingegharimu kidogo sana ukilinganisha na hayo.

---

Saa_za_Ndege:

Niongeze kitu kimoja ambacho kinawaunganisha wote waliotangulia: tathmini ya gharama za maisha yote ya ndege. Bei ya kununua kwa kawaida ni theluthi moja ya kile utakacholipa, au chini ya hapo. Kinachobaki ni mafuta, vipuri, ukarabati mkubwa wa injini na giaboksi, mafundi na mafunzo. Ukipima zabuni kwa bei ya kununua peke yake, unamfundisha mzabuni ashushe ndege na apandishe vipuri.

Ila ukisema utapima maisha yote, pima kama ulivyosema. Novemba 2006 Jeshi la Anga la Marekani liliichagua HH-47 ya Boeing kwa kazi ya kuokoa marubani vitani, jumla ya helikopta 141. Sikorsky na Lockheed Martin wakalalamika kwa GAO, ofisi inayofanya kazi inayofanana na ya PPAA ya Tanzania kwenye rufani za zabuni. Februari 2007 GAO ikawapa haki: gharama za uendeshaji hazikukokotolewa kwa njia iliyoandikwa kwenye kabrasha. Jeshi likarekebisha, wakalalamika tena, Agosti wakashinda tena. Mwaka 2009 mradi ukafutwa. Mkataba mpya ulikuja Juni 2014, na mzabuni alikuwa mmoja, Sikorsky na HH-60W, kwa mpango wa ndege 112. Mwaka 2022 jeshi likapendekeza kusimama kwenye 75. Kwa hiyo kosa la ukurasa mmoja wa hesabu lilichangia kuwapotezea miaka minane na ushindani wote.

Namna ya kukokotoa bila kugombana: kabrasha litaje saa za kuruka kwa mwaka kwa kila ndege, tuseme 300, na miaka, tuseme 25. Kila mzabuni ajaze jedwali moja: lita za mafuta kwa saa, saa za fundi kwa saa ya kuruka, muda wa ukarabati wa kila kijenzi kikubwa na bei yake. Kisha namba zile zigeuke kuwa ahadi yenye adhabu. Akisema giaboksi inafika saa 3,000 na ikatoka kwa saa 1,800, tofauti ni juu yake. Mzabuni anayejua atabanwa na namba zake haandiki namba za matangazo.

Norway ni funzo hapa. Waliagiza helikopta za NH90 kumi na nne mwaka 2001, zifike zote kufikia 2008. Juni 2022 walipovunja mkataba, nane tu ndizo zilikuwa katika hali kamili ya utendaji. Walihitaji saa 3,900 kwa mwaka, walikuwa wanapata kama 700. Ndege zipo kwenye hanga, mishahara inalipwa, bahari hailindwi.

---

Bahasha_Mbili:

Nashukuru sana wakuu, nimeandika kurasa. Nina mawili ya mwisho. Ununuzi wa serikali kwa serikali hauna ushindani kabisa. Pale mnunuzi mdogo anashika wapi? Nauliza kwa sababu mwaka 2017 ilitangazwa MD 530F 12 kwa Kenya kwa dola milioni 253, na watu waligawanya wakapata milioni 21 kwa helikopta ndogo kiasi kile. Na kwa zilizotumika, tunajikinga vipi?

---

Kinondo_Anga:

Kile kiwango cha 2017 kilikuwa taarifa kwa Bunge la Marekani, nacho ni dari, si ankara. Ndani yake mlikuwa na helikopta 12, bunduki za kufungwa ubavuni, vyombo vya kurushia roketi, maelfu ya roketi, risasi 400,000, redio, mafunzo na huduma za mkandarasi. Kugawanya kwa 12 kunakupa namba isiyo ya kitu chochote. Mwishowe zilizopokelewa Januari 2020 zilikuwa sita.

Kwenye mpango wa Marekani wa kuuza silaha serikali kwa serikali, FMS, mnunuzi huandika barua ya maombi, hurudishiwa hati ya ofa, anasaini na kuweka malipo ya kwanza. Bei ya hati ile ni makadirio, na utalipa gharama halisi, pamoja na ada ya usimamizi ya asilimia 3.2. Mahali pa kushika ni kwenye barua ya maombi. Omba bei za aina mbili za ndege kwa sharti moja la kazi, na wakati huohuo uwe na ofa ya nchi nyingine mezani. Omba kila kundi liwe mstari wake: ndege, silaha, vipuri vya miaka miwili, mafunzo kwa kila rubani na kila fundi. Mstari usiotengwa huwezi kuukata baadaye fedha zikipungua.

---

Rota_ya_Mkia:

Kwa zilizotumika, soma ripoti ya tume ya Jaji Julia Sebutinde ya Uganda kuhusu Mi-24 nne kutoka Belarus. Mkataba ulikuwa wa dola milioni 12.3, mbili zikafika 1998, na zikakutwa hazijafanyiwa ukarabati ulioahidiwa. Hazikufaa kuruka, fedha nyingi zikiwa zimeshatoka.

Ukaguzi ufanyike kwa muuzaji, kabla ya shehena, na fundi wako, si wa dalali. Helikopta za Kirusi zina vikomo viwili, saa na kalenda. Ndege iliyolala miaka kumi bila kuruka inaweza kuwa imebakiwa na saa nyingi huku muda wa kalenda umekwisha. Kila kijenzi kikubwa kina kitabu chake: linganisha namba iliyogongwa kwenye chuma na iliyoandikwa kitabuni, kwa injini zote mbili, giaboksi kuu, kitovu cha rota na kila panga. Panga moja lenye namba isiyolingana, simamisha kazi. Ingiza kamera ya mrija kwenye injini uone visu vya kompresa. Toa kinasa chembe cha giaboksi, kifute kwenye kitambaa cheupe: vumbi laini la kijivu ni kawaida, vipande vinavyong'aa unavyoweza kuvihesabu si kawaida. Iwashwe, inyanyuke ikiwa na uzito wa kazi, na joto la injini liandikwe pamoja na joto la hewa la siku ile.

Malipo yafuate hatua hizo: sehemu kwa dhamana ya benki, sehemu kubwa baada ya ukaguzi huo kusainiwa, na asilimia 20 ibaki mpaka ndege ifike kwenye hanga lako, iunganishwe, na iruke saa 25 bila hitilafu ya kuizuia. Dhamana ya benki isiishe muda wake kabla ya saa hizo 25. Angalia tarehe yake siku unayoipokea.